Sukari, ngano au vyakula vya viwandani: kipi cha kuanza kuacha kwa mkazi wa Dodoma anayetaka kupunguza uzito

Mtu anayetaka kupunguza uzito hapa Dodoma hushauriwa mambo matatu, na aghalabu hushauriwa yote siku moja: aache sukari, aache ngano, aache vyakula vya viwandani. Washauri huyataja matatu hayo kama kitu kimoja, ilhali kila kimoja huleta matokeo yake, huwa na gharama yake na humshinda mtu kwa sababu yake. Anayejaribu kuyaacha yote kuanzia Jumatatu huwa amerejea kwenye chapati mbili na chai ya maziwa ifikapo Ijumaa. Nimeyaona hayo ofisini kwetu zaidi ya mara moja, na mimi mwenyewe yamenikuta. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu aliye tayari kuchagua kimoja cha kuanza nacho. Msimamo wangu ni kwamba wengi wetu tuanze na sukari ya kwenye vinywaji, tufuatishe vyakula vya viwandani, na ngano tuiache iwe ya mwisho, ingawa yenyewe ndiyo inayolaumiwa kuliko vyote.

Kipimo kinachotumika hapa ni kimoja. Mwili hupungua pale nishati inayoliwa inapokuwa ndogo kuliko inayotumika, na nishati hiyo huhesabika: gramu moja ya wanga au sukari hutoa takriban kilokalori 4, protini vilevile 4, kileo 7, na mafuta 9. Kwa hiyo kila ushauri wa kuacha chakula fulani unapaswa kujibu maswali mawili: kikiondoka, nishati kiasi gani inaondoka nacho, na ni kitu gani kitakachokaa mahali pake? Swali la pili ndilo linalosahaulika, nalo ndilo linalowarudisha watu walikotoka.

Sukari

Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba kama gramu 4 za sukari, ambazo ni kilokalori 16. Kijiko kilichojaa hadi kufanya kilima, ambacho ndicho kijiko halisi cha nyumba nyingi, huweza kukaribia mara mbili ya hapo. Tumchukue mtu anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kikombe kikiwa na vijiko vitatu, tena vilivyosawazishwa. Hizo ni gramu 36. Mchana akinywa soda moja ya aina ya kola yenye mililita 350, ambayo katika kila mililita 100 huwa na sukari ya gramu 10 hadi 11, atakuwa amefikisha gramu 73 hivi, yaani kilokalori 290, bila kuhesabu hata tonge moja la chakula. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa anayehitaji kilokalori 2,000 ni gramu 50. Na unapendekeza ishuke chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 au vijiko sita. Mtu wetu amevuka kikomo cha kwanza kwa chai na soda tu.

Sukari ya kunywa ina kasoro moja ambayo sukari ya kutafuna haina kwa kiwango kile kile: haishibishi. Aliyekunywa soda saa saba hali ugali mdogo zaidi kwa sababu ya soda hiyo, bali hula kama kawaida na nishati ya soda huongezeka juu yake. Nchini Uholanzi ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, ambapo watoto 641 waligawanywa katika makundi mawili. Kwa miezi 18 kundi moja lilipewa kila siku kinywaji cha mililita 250 chenye sukari, na lingine kinywaji kinachofanana nacho kisicho na sukari, bila watoto kujua ni kipi. Watoto hukua, kwa hiyo wote waliongezeka uzito, lakini waliokunywa chenye sukari waliongezeka kilo 7.37 kwa wastani, na wenzao kilo 6.35. Tofauti ya kilo moja ilitokana na kinywaji kimoja kidogo kwa siku.

Hata hivyo sukari isisifiwe kupita kiasi kama adui pekee. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa watu wazima waliopunguza sukari na kuendelea kula vingine kwa hiari yao walipungua kilo 0.8 kwa wastani, na kwamba pale sukari ilipobadilishwa kwa wanga mwingine wenye nishati sawa, uzito haukubadilika kabisa. Kilo 0.8 si nyingi. Ni wastani, lakini, unaowachanganya waliokuwa wakinywa sukari nyingi na waliokuwa wakinywa kidogo, na anayekunywa gramu 73 ana kikubwa cha kuondoa kuliko anayekunywa gramu 20. Vilevile matokeo hayo yanatuonya kwamba mtu akiacha sukari kwenye chai kisha akaongeza andazi la tatu ili chai ishuke, atakuwa hajafanya lolote.

Hapa kwetu mitego ya kubadilisha sukari ni miwili. Wa kwanza ni asali. Asali ya Manyoni na Itigi ni nzuri na ninaipenda, lakini takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, na kijiko chake kwa kuwa ni kizito hubeba gramu nyingi kuliko kijiko cha sukari. Anayehamia kwenye asali kwa ajili ya uzito amebadilisha ladha tu. Wa pili ni juisi. Zabibu zetu zikiliwa nzima huja na maganda na nyuzilishi zake, na mtu hushiba mapema. Zikikamuliwa, kikombe kimoja hubeba sukari ya kichala kizima na zaidi, na hunywewa kwa dakika mbili. Ubuyu na ukwaju vina uchachu wa asili na vinaweza kuwa kinywaji bora cha msimu wa joto, mradi usiwe ule uliokolezwa sukari kiasi kwamba uchachu wenyewe umefichika, na sizungumzii hata kidogo ubuyu mwekundu wa kwenye vifuko.

Ugumu wa kuacha sukari Dodoma una sura yake. Maji ya visima katika mitaa mingi yana chumvi, na chai ya rangi iliyopikwa kwa maji hayo bila sukari huacha ladha ambayo mgeni hawezi kuivumilia. Ndiyo sababu sishauri mtu aache ghafla. Kupunguza nusu kijiko kila wiki, na kuikoleza chai kwa tangawizi, mdalasini au iliki, hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa ulimi huzoea baada ya wiki chache. Kisha kuna adabu: mgeni hukaribishwa soda, na kuikataa huonekana kama kumdharau mwenyeji. Kuomba maji mapema, kabla mtoto hajatumwa dukani, huondoa tatizo hilo. Gharama ya hatua hii ni chini ya sifuri, kwani pesa hubaki mfukoni. Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa mwaka 2024 na bei yake ikapanda, kaya nyingi zilipunguza vijiko bila kutaka, na sijasikia aliyedhurika kwa hilo.

Ngano

Ngano ndiyo huachwa kwa kishindo. Mtu hutangaza kwamba hali tena mkate, na baada ya siku kumi hutangaza kwamba amepungua kilo tatu. Kilo hizo zipo kweli kwenye mizani, ila sehemu yake kubwa ni maji: mwili huhifadhi akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia kama gramu tatu za maji, kwa hiyo anayepunguza wanga wa aina yoyote kwa ghafla hupoteza maji kwanza, na akirudia kula huyarudisha kwa siku mbili. Nami nilianza na ngano, na furaha yangu ya wiki ya kwanza ilikuwa ya maji.

Kwa hesabu ya nishati, unga wa ngano hauna kosa la pekee. Gramu 100 za unga mweupe wa ngano hutoa takriban kilokalori 364. Unga wa mahindi hutoa zinazokaribia 360, na uwele na mtama havipishani nao kwa mbali. Tuitazame chapati. Chapati nzito ya kibandani iliyotengenezwa kwa gramu 60 za unga na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ina kilokalori kama 218 za unga na 120 za mafuta, jumla 338, na zaidi ya theluthi moja imetoka kwenye mafuta. Chapati mbili ni 676. Mtu huyo akiziacha, akala badala yake ugali uliosongwa kwa gramu 200 za unga, ambao kwa mwanaume mwenye njaa si mkubwa, atakuwa amekula kilokalori 720 kabla ya mboga. Ameacha ngano na ameongeza nishati.

Ukweli ni kwamba anayefanikiwa kwa kuacha ngano hufanikiwa kwa sababu ya vilivyosafiri pamoja nayo. Maandazi ni ngano, sukari na mafuta ya kukaangia. Keki ni hivyo hivyo. Sambusa hunywa mafuta. Mkate mara nyingi hupakwa siagi au majarini. Vikiondoka vyote, mafuta na sukari nyingi huondoka. Lakini kanuni inayosema “ngano” ilhali inakusudia “mafuta na sukari” ina matundu makubwa. Kitumbua hutengenezwa kwa mchele, hakina ngano hata chembe, na kinachovimba ndani ya kikaango kile ni sukari na mafuta. Chipsi mayai hazina ngano. Bagia hazina ngano. Kashata hazina ngano. Mtu anaweza kuitii kanuni hii mwaka mzima, akala vitumbua vitano kila asubuhi, na akanunua suruali kubwa zaidi ifikapo Desemba.

Kwa upande mwingine, hakuna mahali nchini ambapo kuacha ngano kungepaswa kuwa rahisi kama hapa. Ngano si zao la nyanda hizi kavu. Ile ya nchini hulimwa Hanang, Karatu na nyanda za juu kusini, na nyingi huagizwa kutoka nje. Cha kwetu ni uwele na mtama, na ugali wa uwele kwa mlenda ulikuwa chakula cha kila siku cha Wagogo kabla ya mashine za kukoboa kuifanya sembe nyeupe kuwa alama ya kuendelea. Uwele usiokobolewa hubaki na nyuzilishi zake na madini ya chuma, na kwa uzoefu wangu tonge lake hushibisha mapema kuliko la sembe. Kwa hiyo anayeacha ngano ili arudi kwenye uwele, dona, maharage na mboga za majani, kwa kiasi kilichopimwa, amefanya jambo la maana. Anayeiacha ili ahamie kwenye wali na viazi vya kukaanga amezunguka tu.

Wapo watu ambao kwao hili si suala la kuchagua. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, huharibu utumbo wake mwembamba, lazima aache kabisa, na katika nchi ambako umepimwa sana huonekana kwa takriban mtu mmoja kati ya 100. Anayeshuku ana tatizo hilo, kwa kuharisha kusikoisha, upungufu wa damu usioelezeka au kukonda, apimwe kwanza hospitalini akiwa bado anakula ngano, kwa sababu akishaiacha kipimo cha damu huweza kutoa majibu safi ya uongo. Uwele, mtama, mahindi na mchele havina gluteni.

Vyakula vya viwandani

Hapa ugumu wa kwanza ni wa maana ya neno. Sembe imepita kiwandani. Mafuta ya alizeti ya Singida yamekamuliwa kwa mashine, maziwa ya pakiti yamechemshwa na kufungwa, dagaa wamekaushwa, na hata mlenda uliokaushwa juani ili utumike kiangazi ni chakula kilichosindikwa. Anayesema ameacha “vyote vilivyosindikwa” angebaki na matikiti na mahindi mabichi. Mwaka 2009 mtafiti Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo nchini Brazil alipendekeza mgawanyo ambao baadaye ulikuja kuwa wa makundi manne, kwa kuangalia kiasi na lengo la usindikaji, na kundi linalohusika na mjadala huu ni la mwisho: vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, vinavyoundwa kwa wanga, sukari, mafuta na protini zilizochujwa kiwandani, pamoja na rangi, vionjo na viungio vya kuvifanya vivutie na vidumu. Kipimo changu cha dukani ni chepesi: nasoma orodha ya viambato, ambayo huanza na kilicho kingi zaidi kwa uzito, na nikikuta vitu vitatu ambavyo haviwezi kupatikana katika jiko lolote la Nkuhungu, naurudisha mfuko kwenye rafu.

Ushahidi wa upande huu ndio unaonivutia kuliko mwingine. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 katika kituo cha utafiti kwa wiki nne. Wiki mbili walilishwa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, na wiki mbili vyakula visivyosindikwa hivyo, wakiruhusiwa kula watakavyo. Milo iliyoandaliwa ililinganishwa kwa nishati, sukari, mafuta, chumvi na nyuzilishi. Katika wiki za vyakula vya viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku na kuongezeka kama kilo 0.9, katika wiki nyingine walipungua kama kilo 0.9. Watu 20 ni wachache na wiki nne ni muda mfupi, lakini jambo lililojitokeza ni kwamba si sukari peke yake wala mafuta peke yake, kwa kuwa hivyo vilisawazishwa. Chakula laini kinacholiwa haraka humfanya mtu apitilize kabla ya shibe kumfikia.

Kwa nini basi nisikiweke cha kwanza? Ni kwa sababu ya sahani zetu. Nchini Marekani zaidi ya nusu ya nishati ya watu hutoka katika vyakula vya kundi hilo, kwa hiyo anayeviacha ameugeuza mlo wake wote. Kaya ya kawaida ya Dodoma bado hupika: ugali, maharage, mboga, wali wa Jumapili. Vya viwandani huingia pembeni, navyo ni soda, biskuti, majarini, soseji, tambi za haraka na juisi za boksi. Kikubwa kati ya hivyo ni soda, ambayo aliyeanza na sukari ameshaiacha. Isitoshe chapati za nyumbani na chipsi za kibandani, ambazo kwa wengi wetu ndizo zenye nishati kubwa, haziguswi na kanuni hii hata kidogo.

Hesabu hubadilika kwa mtumishi aliyehamia Dodoma tangu serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, familia ikabaki Dar es Salaam, naye anaishi chumba na sebule Ilazo au Kisasa. Hurudi kutoka Mtumba, kwenye mji wa serikali, jioni amechoka, na chakula chake cha usiku ni tambi za dakika tatu, soseji mbili na juisi ya boksi. Huyu aanze na vya viwandani bila kusita. Gharama yake si ya pesa bali ya muda, na hulipika kwa kuchemsha kilo moja ya maharage siku ya Jumapili, kuyagawa katika vyombo vitano na kuyagandisha, kununua mayai na nyanya sokoni Majengo, na kukubali kwamba yai, maharage na mchicha vinaiva kwa muda ule ule anaoutumia kusubiri chipsi.

Kuchagua

Kabla ya kuchagua, andika kwa siku saba kila unachokula na kunywa, ukiwemo msiba wa Jumamosi na chai ya saa nne ya ofisini. Daftari hilo litakuambia zaidi ya makala yoyote. Ukikuta sukari ya kunywa inapita gramu 50 kwa siku, anza hapo. Dereva wa bodaboda anayeshinda juani na kukata kiu kwa soda mbili na kinywaji cha kuongeza nguvu hana haja ya kutazama kitu kingine kwa mwezi mzima. Ukikuta chai yako tayari haina sukari lakini kabati limejaa pakiti, acha pakiti. Ukikuta unakula vitafunwa vya ngano asubuhi, saa nne na jioni, basi ngano ni jina jepesi la kukusaidia kukataa sahani inapopitishwa kwenye kikao, na sina ugomvi na mtu anayeitumia kwa namna hiyo, mradi ajue kwamba anachokiepuka ni mafuta. Wanywaji wa bia na mvinyo mtamu wa hapa kwetu wahesabu pia chupa zao, kwani hakuna kanuni kati ya hizi tatu inayowabana vya kutosha.

Anayetaka kuchanganya njia zote baada ya kuizoea moja ana msingi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata watu 609 kwa miezi 12, nusu wakipunguza mafuta na nusu wakipunguza wanga, huku wote wakiambiwa wapunguze sukari ya kuongezwa na unga uliokobolewa na wale mboga kwa wingi. Kundi la kwanza lilipungua kilo 5.3 kwa wastani na la pili kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu huweza kuwa ya bahati tu, ilhali ndani ya kila kundi wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kuamsha kongosho asipunguze sukari wala wanga kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa maana dozi ile ile juu ya chakula kidogo huweza kuishusha sukari ya damu hadi kuzimia. Mjamzito na anayenyonyesha wasianze mpango wa kupunguza uzito kwa ushauri wa makala.

Waliobaki wajipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya chai, na wazungushe utepe kiunoni, kwa sababu kiuno hakidanganywi na maji kama mizani. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Wiki sita zikipita bila mabadiliko ilhali sukari ya vinywaji imeondoka kweli, usikimbilie kuilaumu ngano. Pima kwa kikombe unga unaoingia kwenye sufuria ya ugali, na kwa kijiko mafuta yanayoingia kwenye mboga.